Zinaa, Ngono na Mwenza: Istilahi za Kinga ya Magonjwa kwa Wanandoa

Neno zinaa lina mahali pake katika sheria za dini na katika mafundisho ya maadili, na huko hatuna ugomvi nalo. Tunalolalamikia ni kule kulihamishia katika elimu ya afya, ambako kwa miaka mingi limebebeshwa kazi ya kutaja jamii nzima ya magonjwa: kaswende, kisonono, pangusa, klamidia na mengineyo. Zinaa ni tendo la kujamiiana lililo haramu, la watu wasiooana au la mwenye ndoa na mtu wa nje. Ndivyo neno lilivyotufikia kutoka Kiarabu, na ndivyo linavyoeleweka mpaka leo na Mwislamu, Mkristo na asiyefuata dini yoyote. Basi amwambiaye mtu kuwa ana ugonjwa wa zinaa hakutaja ugonjwa tu. Amekwisha kutoa na hukumu.

Tuchukue mfano wa Nyarugusu, kata ya wachimbaji wa dhahabu katika wilaya ya Geita (isichanganywe na kambi ya wakimbizi yenye jina hilo hilo huko Kasulu). Mchimbaji mdogo huifuata dhahabu inakosikika: leo yuko katika duara hili, mwezi ujao kuna rashi kwingine naye amekwenda. Mkewe pengine amebaki na watoto na shamba. Mama huyo, akiwa mjamzito, huenda kliniki, hupimwa damu na kuonekana ana kaswende. Hakutoka nje ya ndoa yake hata siku moja. Ugonjwa umemfikia kitandani mwake mwenyewe, kwa tendo ambalo sheria, dini na mila zote zinalihalalisha. Hata hivyo istilahi tuliyompa inasema ana ugonjwa wa zinaa. Akilipeleka neno hilo nyumbani, mumewe atasikia moja ya mambo mawili: ama mke amekiri kuzini, ama mume anashtakiwa kuzini. Kwa vyovyote vile mazungumzo yatakuwa juu ya nani alianza, wala si juu ya sindano ya penisilini ambayo wote wawili wanaihitaji. Na kaswende isiyotibiwa huweza kuiua mimba tumboni, au mtoto akazaliwa nayo.

Wananchi hawakungoja wataalamu wa istilahi wawaokoe. Wamejitafutia pa kujificha, na maficho yenyewe ni neno yutiai. Kwa haki yake neno hilo ni la maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa kawaida hayaambukizwi kwa kujamiiana. Lakini sikiliza linavyotumika katika maduka ya dawa: kila maumivu ya sehemu za siri na kila uchafu utokao ni yutiai. Ni jina la heshima, halimshtaki mtu. Ubaya wake ni kwamba yutiai ni ya mtu mmoja. Mwenye yutiai hunywa vidonge vyake peke yake, wala haoni sababu ya kumwita mumewe au mkewe atibiwe. Kama kweli ni kisonono, ataambukizwa tena baada ya siku chache na mtu yule yule. Hapa ndipo tunapoona kwamba istilahi mbaya haikai bure. Huizaa nyingine iliyo mbaya zaidi.

Wako wanaosema kwamba ukali wa neno zinaa wenyewe ni kinga, maana utawaogofya watu. Hatusadiki. Neno hilo limekuwapo muda wote huu na magonjwa yamekuwapo. Mtu anayeliogopa jina halikimbii tendo, hukikimbia kituo cha afya. Na kituo hicho kina faida iliyopimwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, ambao Geita ilikuwa sehemu yake hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Jumuiya 12 zilipangwa katika jozi sita. Katika kila jozi upande mmoja ulipata matibabu bora ya magonjwa haya katika vituo vilivyokuwapo, pamoja na elimu ya kuwahimiza watu waende kutibiwa mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba katika miaka miwili maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika upande huo na asilimia 1.9 katika upande wa pili, yaani upungufu wa kadiri ya asilimia 40. Kumfanya mgonjwa aingie mlangoni bila aibu si jambo dogo, basi.

Tuweke nini mahali pa zinaa? Wizara ya Afya imekwisha kuliingiza neno ngono katika jina la mpango wake wa taifa, nasi twaunga mkono. Wengine huliona neno hili kuwa chafu. Tungependa wakumbuke kwamba linaelekea kuwa na nasaba na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kulala. Katika Kichewa hata leo kugona ni kulala tu. Ngono hutaja tendo bila kuuliza cheti cha ndoa. Tungependekeza pia maambukizi ya ngono badala ya magonjwa ya ngono (maambukizi au maambukizo, tusigombane hapa), kwa kuwa mgonjwa kwa Kiswahili ni mtu anayeugua, ilhali wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawaoni dalili yoyote. UKIMWI ni kielelezo chema: upungufu wa kinga mwilini ni maelezo ya hali ya mwili, hayamsemi mtu.

Limebaki neno moja ambalo limetuudhi zaidi kwa jinsi lilivyopenya pasipo mjadala. Ni mwenza. Makaratasi ya elimu ya afya humhimiza mwananchi aje na mwenza wake. Waandishi wamelitaka neno lisilobagua mume, mke wala mpenzi, na nia hiyo ni njema. Lakini Waswahili wanamjua mwenza tangu zamani: mke mwenza ni yule mnayechangia mume. Katika nchi ambayo ndoa za mitala hazijawa historia, Usukumani ikiwamo, mke wa pili anayeambiwa aje na mwenza wake ana haki ya kuuliza kwa nini aje na mke wa kwanza badala ya mume. (Kitabibu yule naye anahitaji kupimwa, lakini hilo halikuwa kusudi la mwandishi.) Mwenzi lipo, ni neno la kila siku, na mwenzi wa ndoa halina utata.

Mahali pa kuanzia pawe ile kadi ndogo anayopewa mgonjwa ili ampelekee aliyelala naye. Isiwe na zinaa, isiwe na mwenza, wala isitaje jina la ugonjwa, maana husomwa na mikono mingi njiani. Iandikwe hivi: Fika kituoni na kadi hii. Mwenzi wako amepata matibabu; nawe unahitaji kupimwa na kutibiwa, hata kama huumwi.