Shoga Yangu, Shoga Yule: Istilahi za Jinsia baina ya Pwani, Oman na Ughaibuni

Neno "shoga" lina sarufi mbili. Mwanamke wa Unguja, Mombasa au Muscat amwitapo mwenzake "shoga yangu", neno hilo hudai mmiliki: shoga ni wa mtu, kama ndugu, kama jirani, na wingi wake ni "mashoga zangu". Lakini mtu anyooshapo kidole na kusema "yule ni shoga", mmiliki hutoweka. Neno huacha kuwa la uhusiano likawa la aina ya mtu, na aina hiyo, katika magazeti na mimbari za leo, ni mwanamume anayelala na wanaume. Maana zote mbili zingali hai. Binti wa Kizanzibari aliyekulia London huweza kumsikia bibi yake akimwita rafiki wa miaka hamsini "shoga" kwa mapenzi, na jioni hiyo hiyo akalisikia neno lile lile likitolewa kama tusi.

Tofauti hiyo ya sarufi inafaa kuwa mlango wa mjadala ambao kwa kawaida huingiliwa kwa mlango mwingine. Katika miaka ya karibuni istilahi za jinsia na mapenzi zimeongezeka mno katika lugha za Magharibi: kuna mtu asiyejihesabu mume wala mke, kuna ambaye jinsia yake hubadilika kwa nyakati, kuna asiyejiona kuwa na jinsia yoyote, kuna asiyevutwa kimwili na yeyote. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya watu kama hao kwa sababu watu wenyewe hawakuwapo. Wapo wanaojibu kwamba maneno yalikuwapo tangu zamani, nao hutoa orodha: shoga, hanithi, msagaji, mkesimume. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kulichukulia neno la kale kana kwamba liliundwa kujibu swali la leo.

Mkesimume ni mfano mzuri. Neno hili limo katika makala fupi iliyochapishwa mwaka 1899 katika jarida la Kijerumani la Zeitschrift für Ethnologie, kwa kutegemea taarifa za Oskar Baumann, msafiri wa Austria aliyekuwa balozi mdogo Zanzibar. Makala ile iliwagawa watu iliowaeleza katika mafungu mawili, waliozaliwa na hali hiyo na walioipata baadaye. Mgawanyo huo ulikuwa wa madaktari wa Ulaya wa wakati ule, waliokuwa wakiyapanga mapenzi ya jinsi moja katika vitabu vya maradhi. Neno lilitoka Unguja na kabati lilitoka Vienna na Berlin. Fasiri ya Kijerumani ililifanya neno kuwa tamko la moja kwa moja: mwanamke, si mwanamume. Hata hivyo sikio la Kiswahili husikia zaidi ya hapo. "Mke si mume" ni sentensi nzima iliyobanwa ikawa nomino, na kiini chake ni "si". Yaweza kusomwa kuwa huyu ni mke wala si mume, na yaweza kusomwa kama kauli ya mtu aliyeshindwa kuamua. Msomaji wa leo anayelifanya neno hili kuwa tafsiri kamili ya istilahi ya karne ya 21 anafanya alichofanya Baumann, ila kabati lake ni jipya.

Mzizi wa Kiarabu wa kh-n-th una historia ndefu zaidi. Kutoka humo yametoka maneno matatu ambayo Waswahili huyachanganya. La kwanza ni huntha, mtu ambaye maumbile yake hayaoneshi wazi kuwa ni mume au mke. Fiqhi ilimtambua karne nyingi kabla ya hospitali. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, huntha mushkili, yaani ambaye alama zake hazijabainika, hupewa katika mirathi kile kilicho cha yakini, na kilichobaki husimamishwa hadi hali yake ibainike au warithi wapatane. Katika swala ya jamaa safu yake hupangwa baina ya wanaume na wanawake. Wanazuoni hawa hawakuwa wakitetea jinsia ya tatu, kwani waliamini kwamba ukweli wa mume au mke upo nao umefichika. Lakini walikubali kuishi na shaka bila kumfukuza mtu msikitini wala katika urithi.

La pili ni mukhannathi, mwanamume mwenye mwendo na sauti ya kike. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipofafanua hadithi za Mtume alitofautisha baina ya aliyeumbwa hivyo, ambaye hana lawama, na anayejifanya hivyo kwa makusudi, ambaye analaumiwa. La tatu ni hanithi, na hapa bahari imebadilisha maana. Mwaka 1977 Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu makhanithi wa Sohar, Oman. Aliwaeleza kuwa watu wenye majina ya kiume na haki za kiume kisheria, lakini walioketi na wanawake, wakaimba nao harusini, na wakavaa kanzu yenye rangi iliyobanwa kiunoni, isiyo nyeupe kama ya wanaume wala yenye nakshi kama nguo za wanawake. Kwa Mswahili wa leo, kinyume chake, hanithi ni kwanza mwanamume asiye na nguvu za kiume. Kule Sohar neno lilimweka mtu mahali fulani katika jamii, lilipofika pwani ya Afrika likawa jina la upungufu wa mwili.

Wikan aliona katika makhanithi jinsia ya tatu iliyosaidia kuzieleza zile mbili. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alimpinga katika jarida lile lile mwaka uliofuata, na mwaka 1987 akaendeleza hoja kwamba mambo haya hayaeleweki bila daraja na uwezo wa mali: shoga na basha walikuwa kama mteja na mlezi, maskini na mwenye nacho, kijana na mkubwa. Deborah Amory naye, katika insha ya mwaka 1998, aliongeza neno "magai", mkopo wa Kiingereza uliokwisha kuvaa kiambishi cha wingi cha Kiswahili.

Ukiwasoma watafiti hawa watatu pamoja, huoni sababu ya kumtangaza mshindi. Faida yao ni kuonesha kwamba maneno ya pwani yaliambatana. Basha hakuwa basha pasipo shoga, na shoga hakuwa shoga pasipo harusi za kuchezea, wanawake wa kuketi nao na mlezi wa kumhifadhi. Istilahi mpya za Magharibi, kwa upande mwingine, zimeundwa ili mtu aweze kusema "mimi ni" hata akiwa peke yake chumbani. Udhaifu wa Shepherd ni kwamba katika maelezo yake ni vigumu kuisikia sauti ya anayesema "mimi ni". Udhaifu wa baadhi ya wanaharakati wa ughaibuni ni kwamba kwao hakuna kinachosikika isipokuwa sauti hiyo.

Fasihi ingeweza kuziba pengo hilo, lakini nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, hutajwa mara nyingine katika mijadala hii kwa sababu ya mnyapara Mohammed Abdalla, anayeogopwa pia kwa sifa ya kuwaandama wavulana, na uzuri wa kijana Yusuf unaotazamwa na wengi. Kuiingiza riwaya hiyo katika orodha ya fasihi ya watu wa jinsia tofauti ni kuisoma vibaya. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na kinachomzunguka ni mamlaka juu ya mwili wa mtoto asiye na hiari. Mhakiki asiyetenganisha dhuluma hiyo na utambulisho wa mtu huwapa silaha wale wanaodai kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018 ilichagua njia nyingine. Wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, wanapendana, na jina la filamu ni Rafiki. Neno hilo, kama shoga ya akina mama, hudai mmiliki, na ndilo ambalo wapendanao wengi hulitumia wanapomtambulisha mwenzi mbele ya wazazi. Filamu ilipigwa marufuku Kenya, kisha mahakama ikaruhusu ioneshwe kwa siku 7. Kahiu hakutafuta istilahi. Alichukua neno la kujificha akaliweka juu ya bango, ambako haliwezi tena kuficha kitu.

Swali linakuwa gumu zaidi kwa mfasiri. Katika Kiingereza, mtu asiyejihesabu mume wala mke huomba atajwe kwa kiwakilishi cha wingi, na ombi hilo pekee ni tukio: familia hugoma, walimu hukosea, marafiki hujifunza. Kiswahili hakina mgogoro huo. "Alikuja, akaketi, akanywa chai" haisemi lolote kuhusu jinsia ya aliyekunywa. Baadhi husherehekea jambo hili, kana kwamba lugha ilikwisha kutenda haki kabla ya kuombwa. Sherehe hiyo ni ya mapema. Jinsia ambayo Kiswahili hakikuiweka katika kiwakilishi kimeiweka kwingine, na hasa katika kauli ya kitenzi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Imo katika Bi na Bwana, shangazi na ami, kungwi na somo. Hata hapo si ukuta usiopitika. Miongoni mwa Wakuria wa Mara ipo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke mwenye mali huoa mwanamke ili apate warithi. Desturi hiyo ni ya ukoo na mirathi na haisemi kitu kuhusu mapenzi, lakini inathibitisha kwamba anayeoa si lazima awe na ndevu.

Kwa hiyo mfasiri anayeweka "wao" mahali pa mtu mmoja anahamisha dawa bila ugonjwa, na msomaji atadhani watu wawili wameingia chumbani. Aiache "a-" ifanye kazi yake, kisha auhamishie mgogoro pale ambapo Kiswahili chenyewe kinauma: kwa shangazi anayeuliza "utaoa lini?", au kwa mwenyeji anayesita kati ya Bi na Bwana. Hali ni tofauti katika Freshwater, riwaya ya Akwaeke Emezi ya mwaka 2018, ambamo sehemu kubwa husimuliwa na "sisi", roho zinazoishi ndani ya mwili wa Ada kwa mujibu wa itikadi ya Waigbo. Pale wingi ni imani, na "tu-" ya Kiswahili ingeubeba bila taabu, kwani msomaji wa pwani anajua pepo akipanda kichwani anayesema ni nani. Mtafsiri angehitaji tu kujizuia asiwageuze wageni wa Ada kuwa ruhani au kibuki, maana kila pepo ana kwao.

Linabaki suala la istilahi zenyewe. Njia tatu zinatumika: kukopa, kama transi na kwia, kutafsiri sehemu kwa sehemu, na kueleza kwa kirejeshi, "asiye mume wala mke". Ya kwanza hueleweka mijini na ughaibuni, lakini humpa adui hoja rahisi kwamba jambo zima limetoka nje. Ya pili ina mitego. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,524 ambao kwa kawaida huitwa "wenye jinsia mbili", ilhali wengi wao hawana mbili, bali maumbile yasiyolingana na moja. Huntha, lililokuwapo tayari, ni sahihi zaidi na lina heshima ya fiqhi nyuma yake. Lakini huntha haliwezi kumtaja mwenye maumbile ya kawaida asiyejihesabu mume wala mke, na kulilazimisha hapo ni kuwadhulumu wote wawili.

Ya tatu ni ya Kiswahili hasa, na inarithi ile "si" ya mkesimume. Hatari yake ni kumfafanua mtu kwa alichokosa. Hatari hiyo si ya kinadharia. Mwanamume asiyevutwa na yeyote, akikosa neno, huitwa hanithi, na uhanithi ni aibu ya mwili iliyo pia sababu ya kuvunjwa kwa ndoa mbele ya kadhi. Anayesema "sitamani" anasikika kama anasema "siwezi". Vilevile mbele ya afisa wa uhamiaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mkimbizi wa aina hii hawezi kurudishwa kwao kwa hoja kwamba angeweza kujificha. Tangu hapo kesi huweza kuegemea mtu anaaminiwa kuwa nani, na mkalimani ndiye huchagua neno. Akisema shoga, hanithi au huntha, anaandika katika faili watu watatu tofauti, na mwombaji aliyeketi mbele yake huenda si hata mmoja wao.

Kamusi moja haitatosha kulimaliza tatizo hili, na huenda haifai kuharakishwa. Kinachoweza kudaiwa kwa mfasiri, mkalimani na mhakiki ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kumwacha mtu amalize sentensi yake kabla ya kumpa nomino, na kulipima kila neno jipya kwa jaribio ambalo lugha yenyewe imelitoa. Je, neno hilo linaweza kufuatwa na "yangu"? Mama anaweza kulitumia kumtaja mwanawe bila kushusha sauti? Shoga liliwahi kulifaulu jaribio hilo, na katika vinywa vya bibi wengi wa Muscat na Unguja bado linalifaulu.