Ulinzi wa Mpaka Hauishii kwa Wakuu

Wakuu wa polisi wa Kusini mwa Afrika waliunda chombo chao cha ushirikiano, SARPCCO, mwaka 1995. Wa Afrika Mashariki wakaunda EAPCCO mwaka 1998. Tanzania imo katika vyote viwili. Hatua hizo ni sahihi, lakini hazitoshi. Mwaka huohuo wa 1998, tarehe 7 Agosti, mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam. Mikataba haina macho. Wenye macho ni umma. Kwetu Rukwa, Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili za mpaka wa Zambia. Askari anayemwona mkulima mwenye gunia la mahindi kuwa ni jambazi anajipofusha mwenyewe. Ndugu makada, ushirikiano wa kweli uanzie kwenye shina.