Mikono Inayochambua Makonyo

Matunda na maua mengi yana kikonyo, kile kijiti kinachoyashika kwenye tawi. Lakini Pemba ukisema makonyo, hakuna atakayeuliza ni ya nini. Ni ya karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho ghala la zao hili.

Mchumaji husifiwa sana, na anastahili. Matawi ya mkarafuu hukatika upesi, naye hutakiwa kuvunja kishada na kikonyo chake bila kuumiza tawi. Tena awahi: karafuu ni ua ambalo halijafunguka, na likishachanua thamani imekwenda. Mimi, hata hivyo, nawastaajabia zaidi wanaobaki chini.

Jioni magunia humwagwa, na nyumba nzima hukaa kitako kuchambua: bibi, mama, watoto, hata mgeni aliyekuja kusalimia. Kishada hushikwa kwa mkono mmoja, kikasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili huku kikizungushwa kidogo. Karafuu zikadondoka, makonyo yakabaki vidoleni. Ukikaza mno, vichwa vinavunjika. Ukilegeza, vikonyo vinafuatana na karafuu na daraja linashuka. Waliozoea hawaitazami mikono yao. Mazungumzo yanaendelea na rundo linapungua. Wala kazi hii haingoji kesho, kwani karafuu mbichi zikilala zimerundikwa hupata joto, zikachacha, zikasinyaa na kupauka. Asubuhi ziwe juani juu ya majamvi, karafuu mbali, makonyo mbali.

Makonyo nayo hayatupwi. Yakikauka hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake. Humo mvuke hupitishwa kati yake, ukabeba mafuta, kisha ukapoozwa. Maji na mafuta hujitenga, na mafuta haya ndiyo yanayozama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Makonyo hutoa mafuta kama asilimia 5 au 6 tu, machache mno kuliko ya karafuu zenyewe, ila sehemu yake kubwa ni eujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu.

Kwa hiyo mchambuzi hodari hutazamwa kwa marundo yote mawili. Kikonyo kilichojificha ndani ya karafuu hushusha bei ya gunia zima, na karafuu iliyopotelea kwenye makonyo imeuzwa kwa bei ya makonyo.