Redio Ndogo na Sikio la Fundi

Inaenea kiganjani. Mbele ina spika moja iliyofunikwa kwa wavu wa bati, juu ina vitufe vichache na antena ya kuvuta, na ubavuni kuna matundu matatu: la flashi, la kadi ya memori na la kuchajia. Haina kioo cha kuonyesha jina la wimbo. Redio za namna hii hufika sokoni Nundu kwa majina mengi, na ukizifungua nyingi ni ndugu. Ukiishika mara ya kwanza unashangaa ilivyo nyepesi. Ukiiwasha, unashangaa inavyosikika mbali.

Nundu, mashariki mwa Kongo, iko kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, milima ikiwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Huku jua ndilo linalochaji, kwa hiyo kifaa kinachokula umeme kidogo kinaheshimiwa. Redio hii huenda shambani ikiwa imefungwa kwenye kitenge, huning'inizwa juu ya meza ya samaki sokoni, huingia mtumbwini na wavuvi wa ndagaa usiku. Mwaka 1979 Sony ya Japani ilipotoa Walkman, muziki wake ulikuwa wa masikio ya aliyevaa visikilizi. Hapa ni wa kila aliye karibu, na ndiyo maana spika ina kazi kubwa.

Hata hivyo, redio ikitoka kwenye kasha bado haijakamilika. Inakamilikia mezani kwa fundi, na kazi hiyo nimeitazama nikatamani wengi waitazame nami.

Kwanza anaifungua, ingawa ni mpya. Skurubu nne zinawekwa kwenye kifuniko cha chupa ili zisipotee. Ndani mara nyingi kuna betri bapa ya aina ya BL-5C, ileile iliyokuwa kwenye simu ndogo za Nokia, na hilo ni jambo jema kwa sababu betri hiyo hupatikana kila soko. Fundi anaweka ncha mbili za mita yake na kusoma: betri ya lithiamu iliyojaa hukaribia volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 imeanza kuharibika. Halafu anatazama tundu la kuchajia. Kiwandani limeshikwa kwa lehemu kidogo mno, na mtoto akivuta waya mara chache litang'oka. Anachukua chuma kilichopata moto kwenye makaa, anagusa pembe moja ya tundu, anaongeza tone la lehemu, anasubiri ling'ae na kutulia, kisha anahamia pembe ya pili. Haitikisi. Anajua kwamba lehemu iliyotikisika kabla ya kuganda huvunjika haraka.

Baada ya hapo inakuja kadi. Kadi hiyo ndogo ina urefu wa milimita 15, upana wa 11 na unene wa 1. Yenye gigabaiti 8 huweza kubeba nyimbo zaidi ya 1,500 za dakika tano tano, zikiwa kwenye MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Kujaza tu si kazi, kompyuta yoyote inajaza. Kazi ni mpangilio. Nyingi za redio hizi hazisomi majina ya nyimbo. Hufuata jinsi zilivyoingia kwenye kadi, na iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kupigwa. Ukifuta wimbo katikati na kuongeza mwingine, huo mpya unaweza kuingia kwenye pengo la uliofutwa na kuvuruga mfuatano wote. Kwa hiyo fundi makini huisafisha kadi yote na kuanza upya, akiingiza nyimbo kwa zamu anayoitaka mwenyewe.

“Mama, tuanze na zipi?”

“Anza na kwaya, fundi. Asubuhi nataka kwaya. Rumba nitaifikia nikiwa sokoni.”

Basi anaanza na kwaya za Kibembe, anafuatisha rumba, kisha bongo fleva kutoka Tanzania. Anazo pia nyimbo za Kirundi, kwa maana ng'ambo ya ziwa ni Burundi, na Lusenda kuna kambi ambako Warundi wengi walikimbilia tangu 2015.

Kabla ya kunakili rumba, anasikiliza mwisho wa kila wimbo. Anaruka mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye dakika za mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Anatafuta sebene, pale magitaa yanapochangamka. Faili nyingi zimepita mikono mingi na zimekatika njiani, na wimbo wa rumba uliokatika kabla magitaa hayajachangamka ni kama harusi iliyovunjika kabla ya chakula. Ukiwa umekatika, anaufuta na kutafuta nakala nyingine. Mteja hamwoni akifanya hivyo. Atagundua siku atakapoucheza wimbo hadi mwisho.

Subira hiyo ina asili ya mbali. Mhandisi Karlheinz Brandenburg na wenzake walipokuwa wakitengeneza MP3 huko Erlangen, Ujerumani, walirudia kusikiliza wimbo wa Suzanne Vega uitwao “Tom's Diner”, sauti ya mwanamke peke yake bila chombo, kwa sababu kila kosa la ukandamizaji lilisikika wazi ndani yake. Walirekebisha, wakasikiliza tena, mpaka sauti ikasimama. Jina la .mp3 lilichaguliwa Julai 1995. Hesabu zao zilipunguza faili hadi kama moja ya kumi na moja ya ile ya CD, na mwamuzi wa mwisho alikuwa sikio la mtu.

Je, inasikikaje? Spika ndogo hivi haiwezi kutoa besi nzito, na hakuna fundi wa kulibadilisha hilo. Lakini gitaa la solo la magwiji wa rumba, Franco au Docteur Nico, linatoka safi, kila uzi na nafasi yake, na sauti za kwaya zinafika hadi uwanjani. Muziki wetu una utajiri mwingi juu, kwenye magitaa na sauti za watu, na hapo ndipo redio hii ina nguvu. Ukiongeza sauti kupita kiasi inakwaruza. Ukiishusha kidogo tu inarudi kuimba.

Ukinunua redio ya namna hii Nundu, Mboko au Baraka, usiondoke nayo ikiwa bado imefungwa kwenye kasha. Mwachie fundi muda wa kuikaza na kuipangia kadi, mlipe bila kuvutana sana, na umwambie unapenda siku yako ianze na wimbo gani.