Chupa Iko Wapi?

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa na kazi mbili: kuandikia watu matangazo ya mtandaoni usiku, na kukwepa simu za mama mchana. Kazi ya tatu haikuwa na malipo. Bando ya usiku ikibaki kidogo, nilikuwa natafuta wapiga gita waliokufa zamani, wengi wao Wamarekani weusi wa kusini, wenye majina ambayo hakuna mtu katika ploti yetu hapa Umoja angeyatambua. Nikimpata mmoja, najihisi kama nimeokota noti barabarani. Namtumia rafiki wimbo, kisha nasubiri aulize, "Manze, hii umeitoa wapi?"

Nikisema ukweli, hilo swali nililipenda kuliko nyimbo zenyewe.

Chukua Mississippi John Hurt. Anayeingia kwenye bluzi kupitia mlango wa gita hufika kwake mapema. Mwaka 1928 alirekodia kampuni ya Okeh, kwanza Memphis, kisha New York. Santuri zake hazikuuza sana, mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ukaporomoka, naye akarudi kulima kijijini. Miaka 35 ikapita. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa santuri kuukuu, Tom Hoskins, akafuata jina la kijiji lililotajwa kwenye wimbo wa Hurt unaoitwa "Avalon Blues". Akafika Avalon, Mississippi, akaulizia, akaonyeshwa nyumba. Mwaka huohuo mzee akapanda jukwaani Newport. Alifariki 1966.

Hii hadithi kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya Hoskins. Mzee "aligunduliwa". Lakini hebu isikilize tena. Mtu aliimba anwani yake kwenye santuri, halafu akaenda kukaa kwenye anwani hiyohiyo. Sasa aliyepotea hapo alikuwa nani?

Hadithi tamu pia huziba masikio. Kwa miezi nilimsikiliza Hurt kama mtu aliyefufuka, nikasahau kusikiliza mkono wake wa kulia, na kumbe habari yote iko hapo. Kidole gumba kinatembea juu ya nyuzi nene, huku na kule, huku na kule, kama mtu anayekwenda sokoni akijua soko halifungwi leo. Juu yake vidole vingine vinaupiga wimbo wenyewe: mara vinamfuata mwimbaji, mara vinamalizia sentensi aliyoiacha katikati. Sauti yake haipandi. Ana nyimbo kadhaa za watu kuuana, na hata hizo anaziimba kama anayempa jirani habari juu ya ua. Kama ukisikia neno bluzi unawaza mtu analia na pombe mkononi, anza na huyu akusahihishe.

Ukimaliza, nenda kwa Skip James. Yeye alirekodi 1931 huko Grafton, Wisconsin, akasahaulika, akapatikana 1964 akiwa hospitalini Tunica, Mississippi. Kwa sababu walipatikana karibu wakati mmoja, watu huwaweka kapu moja: wazee waliorudi. Kimuziki hata hawajuani. James alizikaza nyuzi zake kwa namna ambayo hata kabla hajabonyeza chochote, gita tayari liko matangani. Anaimba juu kabisa, kwa sauti nyembamba isiyokuomba huruma. Hurt anakuvutia kiti. James anakuacha umesimama mlangoni, na ukiondoka ni shauri yako. Nilichukua muda kumpenda, na zipo siku bado siwezi kumsikiliza. Ila ukitaka kujua bluzi ina upana gani, wasikilize hao wawili usiku mmoja.

Wa tatu ni Elizabeth Cotten wa North Carolina. Alitumia mkono wa kushoto, na gita lilikuwa la mtu wa mkono wa kulia, basi akaligeuza juu chini bila kubadilisha nyuzi. Maana yake kazi zilibadilishana: gumba likachukua wimbo, vidole vikachukua besi. Ndiyo maana ukijaribu kumwiga unakwama. "Freight Train" aliutunga akiwa msichana mdogo. Baadaye watu wa kanisa wakamwambia nyimbo za dunia hazifai, akaweka gita chini kwa miongo mingi. Alilishika tena akiwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Seeger, familia ya wanamuziki, gita likining'inia ukutani. Mwaka 1957 wimbo wake ulivuma Uingereza huku watu wengine wakidai ni wao waliotunga, na ilibidi haki yake ipiganiwe. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1958, akiwa na zaidi ya miaka 60. Mambo ya kugunduliwa hayo: mtu anafagia sebule yako, na wimbo wake tayari umepanda meli.

Hao watatu ndio niliowabeba kwenye simu Desemba nilipoenda ushago, Khwisero.

Nina mjomba pale. Nilijua alikuwa akipiga gita zamani, kama unavyojua mtu fulani aliwahi kuwa na baiskeli. Jioni moja, tukingoja ugali, nikamwekea Hurt. Sikuwa na nia mbaya, lakini sina budi kukiri nilikuwa nangoja aniulize nimeitoa wapi.

Alisikiliza wimbo mzima akiangalia chini. Kisha: "Huyu alikuwa akifanya kazi gani?"

"Mkulima, Mjomba. Na kuchunga ng'ombe."

"Eh. Hana haraka." Akanyamaza kidogo. "Na chupa iko wapi?"

Nikamwambia hakuna chupa.

"Basi anapiga peke yake. Gumba lake ndilo chupa."

Nimesoma maandishi mengi ya Kizungu kuhusu John Hurt. Hakuna lililonifungua masikio kama hilo.

Kwa asiyejua: omutibo ni mtindo wa gita uliokua Uluhyani miaka ya 1950. Mpigaji anatumia gumba na kidole cha shahada, na kando yake ameketi mwenzake anayekwaruza na kugonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Bingwa wake alikuwa George Mukabi, mtu wa pande hizohizo za kwetu. Mukabi alikufa 1963 akiwa bado kijana, mwaka uleule ambao Hoskins alibisha hodi Avalon. Msikilize baada ya Hurt. Mwanzoni utasema ni ndugu, maana gumba na wimbo vinagawana kazi vilevile. Kisha utaisikia chupa, na tofauti itakujia. Hurt amebeba nyumba yote peke yake, kwa hiyo gumba lake haliwezi kupumzika hata kidogo. Mukabi ana mtu wa kumshikia wakati, basi gita linaruhusiwa kucheza, kuchelewa kidogo, kutania. Muziki wa mtu mmoja unakutaka ukae usikilize, lakini huu wa watu wawili unakwambia usogeze viti tucheze.

Ndiyo maana sipendi omutibo ikiitwa "bluzi ya Kiafrika". Hata Ali Farka Touré, aliyeitwa hivyo mara nyingi, alirudia kusema kwamba muziki wake ni wa Mali na una majina yake. Ukimwita Mukabi bluzi utasikia gumba tu, kwa sababu gumba ndilo ulilozoea. Chupa utaidhani ni makelele ya rekodi mbovu. Mimi niliwahi kudhani hivyo. Nilikuwa na nyimbo mbili za Mukabi kwenye simu tangu mwaka wa kwanza chuoni, na nilikuwa nazipita.

Mjomba alitoa gita usiku ule. Lina nyuzi tano, na kidole chake kidogo cha kushoto hakikunjiki tangu mashine ya kusaga imuumize. Alipiga nyimbo mbili, ya tatu akaiacha katikati. Nilirekodi zote, na kile kimya mwishoni pia. Nikamwambia ilikuwa safi. Akakataa: "Hiyo ni nusu. Chupa alikuwa akipiga mama yako."

Mama yangu. Ambaye nyumbani kwake redio inajua stesheni moja tu, ya injili.

"Alipookoka akaacha," Mjomba akasema, bila lawama, kama anayetaja mvua ya mwaka fulani.

Nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu Elizabeth Cotten na kanisa lake, nikasikitika usiku katika bedsita yangu kwa ajili ya mama wa watu huko North Carolina. Mama yangu mwenyewe nilikuwa namkwepa ili asiniulize habari za chuo.

Nilimpigia mimi, siku ya Jumapili. Aliuliza habari za chuo, nikamjibu ukweli, na hayo ni ya kwetu. Kisha nikamwekea rekodi ya Mjomba kwenye simu. Sikutarajia chochote, labda anikemee kidogo. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipofika katikati nikamsikia anacheka.

"Bado anakimbia," akasema. "Huyo mjomba wako alikuwa anakimbia hivyo hivyo. Mimi ndiye nilikuwa namshika."

Kisha akaniambia niurudishe mwanzo.