"Shetani Alinipitia": Vitenzi vya Ushuhuda

Ushuhuda wa kanisani ni utanzu wa fasihi simulizi, ingawa silabasi zetu huutazama kwa mbali. Una fomula ya kufungulia ("Bwana asifiwe", na mara nyingi hurudiwa mpaka sauti ya hadhira imridhishe msemaji), una kilele, na hadhira inajua ipige makofi wapi. Kama ni utanzu, unaweza kuhakikiwa. Mimi nahakiki vitenzi vyake tu.

Katika mikutano ya wanafunzi hapa Kampala, dhambi husimuliwa hivi: "Shetani alinipitia." Au: "Nilijikuta nimeanguka." Katika sentensi ya kwanza mtenda ni shetani, na msimulizi ni mtendwa. Ya pili naiona mbaya zaidi, maana msimulizi anajikuta, kama mgeni aliyeamkia nyumba asiyoijua. Lakini wokovu ukifika, nafsi ya kwanza hurudi kwa kishindo: niliamua, nilisimama, nilishinda. Dhambi haina mwenyewe, ushindi unaye.

Haikuwa hivi zamani. Uamsho ulioshika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulimdai mtu ataje alichofanya, kisha arudishe. Balokole, yaani waliookoka, walirudisha vitu vya wizi hata kwa waajiri wao. Mwaka 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono baada ya kuvutana na wakuu wa chuo. Hawakunyamazia dhambi, iwe yao au ya wenzao.

Siwapambi. Mwanamume akiungama uzinzi hadharani humtaja, hata bila jina, mwanamke ambaye hakuomba kutajwa. Mwanamume anatoka mwepesi. Mwanamke anabaki na macho ya kijiji. Kwa hiyo kitenzi kuwa cha kweli hakutoshi. Lazima pia tuulize nani anaulipia ukweli huo.

Biblia yenyewe inawapanga wasemaji wake kwa vitenzi. Katika 1 Samweli 15, Sauli anakiri kosa, lakini ameshawatanguliza watu: ndio walioacha kondoo na ng'ombe wazuri. Daudi, Nathani anapomkabili katika 2 Samweli 12, anajibu kwa sentensi fupi isiyo na shetani wala Bathsheba ndani yake. Zakayo naye anazungumza kwa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Sijasikia ushuhuda wenye tarakimu tangu nianze chuo.

Niliwahi kusikia uliozihitaji. Mwenzetu aliyetunza michango ya safari alieleza kwa machozi jinsi alivyojaribiwa na fedha. Tulipiga makofi, wengine wakamkumbatia. Hakusema ni kiasi gani, na hakuna aliyeuliza. Dada wawili waliokuwa wamechanga kutoka posho zao walikuwa wameketi mbele yangu. Kama wangeuliza, wao ndio wangeonekana hawana roho ya kusamehe. Hilo ndilo linalonisumbua katika utanzu huu: makofi huja kabla aliyekosewa hajafungua mdomo.

Hata hivyo Zakayo alikuwa na bahati, fedha hurudishika. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya ujio wa Nathani, inadai kwamba aliyekosewa ni Mungu peke yake. Wahubiri huupitia mstari huo haraka. Mimi husimama hapo, kwa sababu Uria amekwisha kuzikwa, na toba nzuri kuliko zote katika Agano la Kale haimtaji.