Sikio la King Majuto

Miaka ile ya VCD, mabasi ya bara yalipopanga foleni kwenye mizani ya Kibaha, kondakta alikuwa na dawa moja ya kuwatuliza abiria: King Majuto. Skrini ndogo, spika inakoroma, aliyekaa siti ya nyuma haoni uso wa mtu. Lakini alicheka, tena sawia na wa mbele. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia kumpima Amri Athuman, mchekeshaji tuliyemjua kwa jina hilo la King Majuto. Watu humsifia sura na vituko, na mimi naona kazi kubwa aliifanya kwa sikio.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza mwaka 1958 akiwa mtoto, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Katikati hapo kuna jukwaa, kanda, televisheni na matangazo ya biashara yasiyohesabika. Mhusika wake alikuwa karibu yuleyule: mzee wa Pwani, msuli na kofia, mkali kwa watoto, hodari wa kukwepa deni, mnyonge mbele ya mkewe. Ukienda Kisarawe au Maneromango huna haja ya kumweleza mtu mzee huyo ni nani, wanaye barazani.

Sasa mtazame akifanya kazi. Mwenzake anadanganya. Majuto hajibu. Anageuza shingo taratibu, anamkodolea macho, kisha anachukua neno la mwisho la yule mwongo na kulirudia kwa lafudhi ya Tanga, akilivuta kidogo. Basi. Hajaongeza hata neno, na uongo umeshaumbuka. Ukirudia kuangalia, tazama mikono: imetulia tuli. Chipukizi hapo angekuwa ameshavua kofia, ameruka, amepiga ukelele.

Vichekesho vile havikuandikwa neno kwa neno. Waigizaji walipewa kisa, wakaambiwa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, maneno wakajitafutia wenyewe kamera ikiwa inarekodi. Kwa hiyo asiyemsikiliza mwenzake hana la kusema, labda apige kelele, na wengi walipiga. Marehemu Mzee Small alichekesha zaidi kwa mwili na ugomvi. Nilimpenda sana, kwa dakika kumi. Majuto ungekaa naye hadi Morogoro.

Waingereza wana waigizaji wa jamii hii, kina Timothy Spall, ambao mara nyingi si nyota wa bango, ila wakikosekana filamu hulegea. Tofauti ni kwamba huku jina la Majuto ndilo lililouza. Faida ilikwenda wapi ni habari nyingine: mwaka 2018 suala la mikataba ya wasanii, yake ikiwemo, lilifika kwa Waziri Harrison Mwakyembe, ambaye aliunda kamati ya kuipitia.

Katika kazi zake za uzeeni, akiwa na vijana, utaona jambo ambalo wachekeshaji wengi hawaliwezi. Picha kubwa kwenye kava ni yake, lakini ndani yeye ndiye anayeuliza swali la kijinga, na kijana ndiye anayepewa jibu la kuchekesha.